Coccinelle ya 1966, Lubumbashi: shajara ya kutafuta matairi yanayoifaa

Tarehe 4 Mei 2024: hali ya gari

Gari ni Volkswagen Coccinelle (Beetle) 1300 ya mwaka 1966, mwaka uleule mji huu ulipoacha kuitwa Élisabethville. Lilikuwa la baba mkubwa, likakaa bandani Kamalondo muda mrefu kabla ya familia kukubaliana lije kwangu. Kazi ya injini na breki imeshaisha na sitaigusa hapa. Shajara hii ni ya matairi tu, kwa sababu nilipouliza mjini nilipewa majibu ya kila aina, na mengi yake yangeweza kumuua mtu kwenye barabara ya Likasi. Mwenye Coccinelle, Peugeot 404 au gari lolote la zamani lenye rimu nyembamba ataweza kufuata hatua hizi, mradi vipimo avisome kwenye gari lake mwenyewe.

Nilichokuta chini ya gari ni hiki: mbele radiali mbili za 165R15, nyuma diagonali mbili za 5.60-15, na ya akiba ni diagonali kipara. Zile za nyuma zina meno marefu, na kila aliyeziona alisema bado ni mpya. Nikabonyeza ubavu kwa kidole gumba, nikaukunja kidogo: nyufa nyembamba zikafunguka kuzunguka tairi lote, na ndani ya ufa mmoja nikaona uzi.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, baada ya herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: radiali zangu zina 2207, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2007. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hivyo ndivyo zilivyo diagonali zangu. Michelin wanashauri tairi libadilishwe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama meno yapo. Gari la zamani hutembea kidogo, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Kubwa kuliko umri ni ule mchanganyiko. Katika tairi la diagonali nyuzi hupishana mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo ubavu ukijipinda kwenye kona, uso wa tairi nao hujipinda. Katika radiali nyuzi hukatiza moja kwa moja, na chini ya meno kuna mkanda mgumu, mara nyingi wa chuma, unaoufanya uso ubaki umelala barabarani. Ukiweka radiali mbele na diagonali nyuma, mbele inashika na nyuma inateleza. Kwenye Coccinelle, ambayo injini yake iko nyuma na nusu-ekseli za nyuma zinapanda na kushuka pamoja na magurudumu, huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Kanuni ni moja: usichanganye kamwe kwenye ekseli moja, na ikiwa una radiali mbili tu, ziende nyuma. Baba mkubwa alikuwa akituambia kwamba gari lake linacheza mkia. Tuliamini ndiyo tabia ya Coccinelle. Sasa nadhani yalikuwa ni hayo matairi.

Uamuzi wa leo: yote matano yanatoka, likiwemo la akiba.

Tarehe 11 Mei: kusoma rimu

Nimezivua rimu zote na kuzisugua kwa brashi ya waya. Karibu na tundu la vali pamechapwa 4J x 15: upana wa inchi 4 kati ya kingo mbili, kipenyo cha inchi 15, na J ni umbo la ukingo. Hakuna herufi H. Rimu za kisasa huwa na kituta kidogo kinachozunguka upande wa ndani, na H ndiyo alama yake. Kituta hicho huzuia ukingo wa tairi kuteleza kuingia katikati ya rimu upepo unapopungua kwenye kona. Zangu hazina kituta. Maana yake ni kwamba hata nikinunua tairi la tyublesi, yaani lililotengenezwa kutumika bila mpira wa ndani, nitalifunga na mpira wa ndani. Hilo si jambo la kujadili na kwado, fundi wa matairi.

Tundu la vali nalo linapimwa. Rimu nne zina tundu la milimita 11.5, ya tano ina milimita 16. Ya tano bila shaka ilitoka kwenye gari jingine. Mipira ya ndani inauzwa kwa unene wa shina la vali: TR13 ni ya tundu dogo, TR15 ni ya tundu kubwa. Shina dogo kwenye tundu kubwa hucheza, na chuma hulikata taratibu. Mchonga vyuma wa Katuba amenitengenezea pete ya kujaza nafasi hiyo, dola 4.

Kutu imetolewa na rangi imepigwa: dola 40 kwa zote tano. Mahali pa kuangalia sana ni pale ukingo wa tairi unapokaa. Mashimo ya kutu hapo huchubua ukingo na mpira wa ndani.

Sasa vipimo vya tairi lenyewe. Kipimo cha asili ni 5.60-15 diagonali: upana wa inchi 5.60 juu ya rimu ya 15. Radiali ambayo Volkswagen wenyewe waliiorodhesha badala yake ni 155 SR 15, na wenye Coccinelle wengi siku hizi huvaa 165R15. Radiali isiyoandikwa asilimia, kama hiyo 165R15, ni ya ubavu mrefu, karibu asilimia 80 ya upana. Hesabu ya kipenyo mtu anaweza kuifanya kwa simu: upana mara asilimia, mara mbili, jumlisha milimita 381 ambazo ni inchi 15. Kwa 165/80R15 napata milimita 645. Kwa 195/65R15, ambayo imejaa mjini, napata 634 na nusu. Kwa 185/65R15 napata 621 na nusu.

Mtu akiziangalia namba hizo tatu atadhani 195 inafaa, maana tofauti ya kipenyo ni ndogo. Kinachoikataa ni rimu. Tairi la 165/80R15 linaruhusiwa kwenye rimu ya inchi 4 hadi 5 na nusu. La 185/65R15 linaanzia inchi 5, na la 195/65R15 linaanzia 5 na nusu. Rimu yangu ni 4. Muuzaji haangalii hilo, kwa sababu magari anayoyahudumia kila siku ni Toyota za jana na leo.

Tarehe 25 Mei: jaribio la 185/65R15

Rafiki ana jozi ya 185/65R15 za okazyo, yaani zilizokwishatumika, bado nzuri, akaniazima ili tuone kwa macho kile ambacho karatasi inasema. Nililitaka jaribio hili kwa sababu hilo ndilo shauri ambalo kila mtu hapa anapewa. Kijana wa kwado alinihakikishia: “Papa, quinze ni quinze, itaingia tu.” Quinze ni kumi na tano, inchi za rimu.

Iliingia. Kingo zilikataa kukaa hadi upepo ulipofika kilo tatu (kilo moja ya upepo ni karibu bar moja), kisha zikaruka mahali pake kwa mlio mkali. Baada ya kupunguza upepo tukaona umbo: kuta zimevutwa ndani chini, zimetuna juu, na uso wa tairi umepinda kama mgongo. Nikachora mstari mnene wa chaki kutoka bega hadi bega, nikasukuma gari mizunguko michache kwenye saruji. Chaki ilifutika katikati tu. Mabegani ilibaki nyeupe pande zote mbili. Tukapunguza upepo hadi kilo 1.4, chaki ikafutika zaidi kidogo, lakini ubavu ukaanza kulala kila nilipokata usukani. Huwezi kupata upepo unaofaa kwa tairi lisiloifaa rimu.

Barabarani, kwenye lami ya kwenda Kipushi, gari lilichelewa kuitika. Usukani unageuka, ubavu unajikusanya kwanza, halafu ndipo gari linafuata. Mshale wa mwendo ulionyesha 80 wakati simu ilisema 72. Kwenye Coccinelle waya wa spidi huendeshwa na gurudumu la mbele la kushoto: unapita katikati ya ekseli na kuzungushwa na kifuniko cha kitovu. Tairi hilo moja ndilo linaloamua mshale na kilomita zako, na likiwa dogo, gari litajihesabia safari ambazo halijaenda.

Jozi imerudi kwa mwenyewe. Gharama ya kufunga na kufungua: dola 6. Nimeridhika kwamba pesa hizo hazikupotea, kwa sababu sasa naweza kumwonyesha mtu picha ya ile chaki.

Tarehe 2 Juni: vipi kuhusu diagonali mpya?

Bado zinatengenezwa. Kampuni ya Coker ya Marekani hutoa 5.60-15 zenye jina la Firestone, na sura yake kwenye Coccinelle ni ileile ya picha za zamani. Anayerudisha gari katika hali ya kiwandani ana kila sababu ya kuzitaka, na namheshimu. Kwangu zilishindwa kwa mambo mawili. Bei niliyotajiwa ya tano pamoja na ndege ilipita dola 1,300. Na barabara ya kitaifa namba 1 imechimbwa mifereji na malori ya madini. Diagonali hufuata mfereji na kumchosha dereva, radiali huuvuka kwa utulivu zaidi. Gari langu linakwenda safari, halikai maonyeshoni.

Fundi mmoja alishauri nibadilishe rimu niweke za 14 ili nivae 185R14C za minibasi, ambazo zinapatikana hadi saa nne usiku. Tairi lenye C limejengwa kubeba mzigo kwa upepo mwingi. Chini ya gari linalokaribia kilo 800 tu litakuwa gumu kama ubao na litaruka juu ya kila shimo. Nimemshukuru, tukaendelea.

Tarehe 16 Juni: agizo

Afrika Kusini walitengeneza Coccinelle huko Uitenhage kuanzia 1951 hadi 1979, kwa hiyo magari hayo bado ni mengi kule na matairi yake hayatafutwi kwa tochi. Nilitamani Michelin XZX 165 SR 15, ambayo imebaki kutengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani, lakini bei yake ingenila akiba yote. Nimechukua Nankang 165/80R15 87T, tano.

Namba 87 ni mzigo: kilo 545 kwa kila tairi. Herufi T ni mwendo: hadi kilomita 190 kwa saa. Coccinelle yangu ikishuka kilima inafika 120, na uzito wake pamoja na abiria wanne haufiki tani moja na robo, hivyo pande zote mbili kuna nafasi ya kutosha. Kwenda juu zaidi ya hapo ni kulipia ugumu ambao gari halihitaji.

Nilimwomba muuzaji anitumie picha ya msimbo wa DOT wa kila tairi kabla sijalipa. Nne zilikuwa za mwaka uliopita, ya tano ilikuwa ya 2016. Bei ileile. Nilikataa, akabadilisha bila ubishi siku iliyofuata. Hatua hii haigharimu kitu, na nawasihi wote wanaoagiza kutoka mbali waifanye, kwa sababu tairi likishavuka mipaka halirudi.

Dola 76 kila moja, jumla 380. Usafiri na karatasi za mpakani dola 140: lori kupitia Botswana, daraja la Kazungula, Zambia, hadi Kasumbalesa.

Tarehe 14 Julai: kufunga

Matairi yamefika. Kabla ya kwenda kwa kwado nimenunua mipira ya ndani mitano ya 155/165-15, iliyoandikwa kuwa inafaa radiali, dola 9 kila mmoja. Kwado alikuwa na wake wa 195-15, nusu ya bei, akasema mpira hujitanua tu. Tatizo la mpira mkubwa ni kinyume chake: hauna mahali pa kwenda, hivyo hujikunja ndani, na palipo na mkunjo ndipo utakapopasuka kwa joto. Nimeshikilia wa kipimo.

Kufunga matano: dola 15. Poda ndani, upepo kidogo kwanza ili mpira ujipange, toa upepo wote, jaza tena. Kutoa upepo mara ya kwanza kunaufungua mpira uliojikunja. Usikubali aruke hatua hiyo eti ana foleni.

Chaki, mara hii: imefutika sawasawa bega hadi bega kwa kilo 1.4 mbele na 2 nyuma. Simu inasema 75 mshale ukiwa 80.

Tarehe 21 Julai: gurudumu la nyuma kushoto

Kwenye njia ya kurudi kutoka Kipushi nyuma kushoto ilianza kulala. Si pancha ya ghafla, upepo ulitoka taratibu. Tukaweka ya akiba, na jioni nikalifungua tairi nikiwa nimesimama karibu, maana sikukuta msumari wala jiwe.

Mpira wa ndani ulikuwa na alama ya mstatili, imesuguliwa hadi ikang'aa, na kwenye pembe moja kulikuwa na tundu dogo kama la sindano. Nikapitisha kiganja ndani ya tairi mahali palepale: karatasi. Kiwanda hubandika kibandiko cha karatasi ndani ya matairi ya tyublesi, na kwenye tairi lisilo na mpira hakimdhuru mtu. Ukiweka mpira wa ndani, pembe ya karatasi hiyo inakuwa kisu kinachosugua kwa kila mzunguko. Zaidi ya kibandiko, ndani ya tyublesi kuna mistari iliyoinuka na namba za kiwandani, maana tairi hilo halikutarajiwa kukutana na mpira.

Dawa yake ni ya subira. Matairi yote matano yamefunguliwa tena. Vibandiko vimelowekwa kwa maji ya moto na kukwanguliwa kwa kisu butu, gundi imefutwa kwa spiriti. Namba zilizoinuka nimezisugua kwa msasa laini hadi kiganja kisihisi kitu. Usisugue zaidi ya hapo, ule utando wa ndani ni mwembamba. Kisha vumbi lote linapigwa upepo na kufutwa kwa kitambaa chenye maji, likauke, poda ya mtoto, mpira, upepo kidogo, toa, jaza. Katika yale mengine manne, mawili yalikuwa na kibandiko na mpira umeshaanza kuchubuka juu yake.

Mpira mmoja mpya dola 9, kufungua na kufunga tena dola 15. Kama utasoma tarehe moja tu katika shajara hii, iwe hii.

Tarehe 28 Julai: kusawazisha

Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa usukani ulikuwa ukitetemeka. Nilipeleka magurudumu penye mashine ya kusawazisha, wakashindwa. Rimu ya Coccinelle ya miaka hii ina boliti tano zilizokaa kwenye duara la milimita 205, na shimo lake la katikati ni kubwa mno kwa koni ya mashine. Walijaribu koni ya lori, gurudumu likazunguka kwa kuyumba, na namba zilizotoka kwenye kioo zilibadilika kila walipoanza upya. Mashine inayoshika kwa boliti ndiyo inayotakiwa. Wao hawana, na wamekula dola 5.

Mzee mmoja aliyefanya kazi karakana za zamani akanieleza jinsi walivyofanya kabla ya mashine: ngoma ya mbele ya gari lenyewe ndiyo mashine. Chukua ya kulia, kwa sababu ya kushoto imeshikana na waya wa spidi na haizunguki kwa uhuru. Inua gari kwa jeki, legeza viatu vya breki kabisa, hakikisha beringi inazunguka bila kukwama. Kwanza izungushe ngoma tupu: ikiwa yenyewe ina upande mzito, isawazishe kwanza, la sivyo utakuwa unapima ngoma na kudhani unapima tairi. Kisha funga gurudumu, lisukume kidogo, liache lisimame lenyewe. Upande mzito utakuwa chini. Weka alama ya chaki juu, bana risasi (kipande kidogo cha uzito) hapo, rudia. Gurudumu lililosawazika husimama popote utakapoliacha, na kuliona likitulia pale unapotaka baada ya kugoma asubuhi nzima ni furaha kubwa kwa fundi.

Moja lilidai gramu 60, nyingi mno. Badala ya kuongeza risasi nililegeza tairi na kuligeuza nusu mzunguko juu ya rimu, hadi upande mzito wa tairi ukakutana na upande mwepesi wa chuma. Likabaki gramu 25. Risasi zote dola 8. Mtetemo umekwisha hadi kilomita 90, na juu ya hapo sina haja. Breki zirekebishwe tena kabla gari halijashuka kwenye jeki!

Tarehe 4 Agosti: upepo

Hapa ndipo kazi yote inapoweza kuharibiwa na mtu mwema. Kijana wa kompresa hujaza kilo mbili na nusu kila gurudumu kwa sababu ndivyo Toyota zinavyotaka. Kitabu cha Coccinelle kinasema kwa diagonali 1.1 mbele na 1.7 nyuma, na kwa radiali karibu 1.3 mbele na 1.9 nyuma. Tofauti hiyo kati ya mbele na nyuma si pambo. Nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito, na upepo mdogo mbele huifanya mbele ikubali kuteleza kabla ya nyuma, jambo linalomwokoa dereva. Ukisawazisha zote nne kwa kilo 2.5 unarudisha ule mkia uliokuwa unacheza.

Nimebaki na 1.4 na 2, kidogo juu ya kitabu kwa sababu ya mashimo. Ndani ya mlango nimeandika kwa rangi: MBELE 1.4, NYUMA 2, na kijana wa kompresa sasa anasoma kabla ya kushika mpira wake. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Msimu huu wa kiangazi asubuhi ya Lubumbashi inashuka chini ya digrii 10 na mchana inapita 25, na kila digrii 10 hubadilisha upepo kwa karibu 0.1. Aliyepima saa nane mchana juani akakuta sawa, amedanganywa na jua.

Ile ya akiba iko 2.2. Ni rahisi kuutoa upepo njiani kuliko kuuongeza.

Tarehe 25 Agosti: Likasi

Kwenda na kurudi. Kilomita mia za kwanza za tairi jipya huendeshwa polepole kwa sababu uso wake bado una mafuta ya kiwandani; hizo nilishazimaliza mjini, na boliti nilizikaza tena baada ya safari ya kwanza. Kwenye mifereji ya malori gari linakwenda moja kwa moja. Kwenye kona ndefu ya lami, ambapo zamani nilikuwa naachia mafuta na kusubiri nyuma iamue, sasa nyuma inafuata mbele. Sikulazimisha zaidi: nusu-ekseli zile bado ni zilezile, na kwenye kona kali tairi linaloshika sana linaweza kuinua nyuma hadi gurudumu likunjie ndani. Tairi jipya halibadilishi muundo wa gari.

Niliporudi niliweka kiganja juu ya kila tairi. Zote vuguvugu, hakuna moja iliyo moto kuliko nyingine. Tairi moja likiwa moto kuliko wenzake, tafuta upepo mdogo, breki inayobana au mpira uliojikunja.

Tarehe 24 Novemba: mvua, na hesabu

Mvua zimeanza. Kwenye lami yenye maji wembamba wa tairi ni msaada, unakata maji badala ya kuyapanda. Kwenye udongo mwekundu wa Ruashi meno hujaa tope haraka. Haya ni matairi ya barabara, na anayeishi huko ndani atafute yenye meno ya kina zaidi katika kipimo kilekile.

Nimebadilishana mbele na nyuma kwa upande uleule, na ya akiba imeingia kwenye mzunguko ili isizeeke bure kifuani mwa gari. Kina cha meno ya nyuma ni sawa katikati na mabegani. Mipira ya ndani haijapungua upepo kwa namna isiyo ya kawaida tangu vibandiko vitolewe.

Hesabu yote: matairi 380, usafiri na mpaka 140, mipira ya ndani sita 54, rimu 40, pete ya vali 4, kufunga mara mbili 30, jaribio la 185 dola 6, mashine iliyoshindwa 5, risasi 8. Jumla dola 667. Okazyo tano za 195/65R15 zingenigharimu 140 hapa mjini, na hiyo ndiyo bei iliyokuwa ikitajwa mwaka 2024.

Kinachosubiri: rimu ya tano yenye tundu kubwa. Pete inashika vizuri, lakini nikipata rimu ya boliti tano isiyopinda nitaibadilisha na kuandika hapa nimeilipia kiasi gani. Aliye nayo Likasi au Kolwezi aje nayo tuipime kwenye ngoma.